Siku Dau Langu Lilipovua Nguo

Kazi yangu ni kushona maturubai. Ya malori, ya vibanda vya chipsi, hata yale ya kufunika bajaji ubavuni wakati wa masika. Mtu akishona kitu cha kuzuia mvua kwa miaka 11, hufika mahali akaamini kwamba maji yote ya dunia yanamheshimu. Mimi nilifika mahali hapo mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, hapa hapa Tanga.

Marehemu baba aliniachia dau la mbao la futi 18. Lilikuwa limelala pwani ya Deep Sea misimu miwili likipigwa jua, na mbao zikikauka namna ile huwa zinaachana. Ukikaa ndani unawaona kaa wakipita nje. Nikamwita Babu fundi, ambaye ndiye aliyelihudumia tangu enzi za baba. Akalizunguka mara moja, akagonga ubao mmoja kwa kidole, akasema:

"Kalafati upya lote. Tulichome kwa makuti, tupake deheni, ndani sifa. Laki na themanini, mjukuu wangu. Pamba na sifa unaleta mwenyewe."

Kama hujakulia pwani: kalafati ni nyuzi za pamba zilizoloweshwa mafuta, zinashindiliwa kwa nyundo kwenye nafasi kati ya ubao na ubao. Chombo kikiingia majini ubao unavimba, unazibana zile nyuzi, maji hayana pa kupita. Deheni ni shahamu na chokaa, inapakwa chini. Sifa ni mafuta ya papa, na harufu yake ndiyo iliyonifanya mimi nichague kushona.

Laki na themanini nikaiona nyingi. Usiku ule, baada ya tarawehe, nikawa nachezea simu, mara nikakutana na Mmarekani mmoja. Bwana yule alikuwa amejijengea kijumba cha kuvutwa na gari, cha kulala safarini. Kuta zake za foamu ngumu, ile ya mbao za kupoozea dari. Juu yake kazungushia kitambaa cha turubai, kakigandisha kwa gundi ya seremala, kisha kapaka rangi ya kawaida ya nyumba, mkono juu ya mkono. Basi. Video inaisha mvua inamwagika, yeye ndani anakunywa kahawa na mbwa wake.

Nikazima simu nikaangalia dari. Gundi, kitambaa, rangi. Kinachozuia mvua kitashindwaje na bahari? Maji si maji?

Asubuhi nikanunua mita 14 za marekani. Nililiona hilo kama ishara: kitu cha Mmarekani, na kitambaa marekani. Na jina hilo si mzaha, karne ya 19 kitambaa hiki kilikuwa kikiletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hadi jina la kwao likakigandia. Gundi nyeupe nikachukua ndoo mbili. Rangi nilikuwa nayo ya bure, dada yangu alibakiza madebe mawili alipopaka saluni yake. Rangi ya maji. Ya waridi.

Sasa hapa ndipo ufundi wangu uliponiponza. Kabla ya kubandika kitambaa lazima uso uwe laini, na lile dau lilikuwa na kalafati ya zamani imechomoza kila mahali, vinyuzi vinyuzi. Fundi nguo akiona uzi umezidi kwenye mshono, mkono unakwenda wenyewe kwenye mkasi. Nikakata. Uliogoma kukatika nikauvuta. Mwingine ukaja mrefu kama mkono, nikafurahi nao.

Babu fundi akapita anatoka kuswali adhuhuri. "Unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Napunguza nyuzi, Babu. Zimezidi."

Akanitazama. Akalitazama dau. Akatazama ule mrundo wa nyuzi miguuni pangu. "Haya," akasema, akaenda zake. Mtu wa pwani akikuambia "haya" kwa sauti ile, acha unachofanya urudi nyumbani. Mimi nikafungua ndoo ya gundi.

Gundi haikutaka kushika. Ule ubao ulikuwa umenyweshwa sifa miaka na miaka, na gundi ikawa inajikusanya matone matone kama maji kwenye sufuria ya kukaangia samaki. Nikasema dawa yako ni pasi. Nikatandika marekani, nikaleta pasi ya mkaa, nikapiga pasi dau zima kutoka omo hadi tezi. Joto likaiamsha sifa iliyolala mle tangu uhai wa baba. Paka wa Deep Sea wakaja mmoja mmoja wakakaa kunizunguka, nikahesabu saba, na hakuna aliyelia. Walikuwa wananingojea nimalize kupika.

Ukingoni nikapiga vijisumari, kila baada ya inchi mbili. Nikapaka rangi mikono mitatu. Likakauka. Wallahi lilipendeza. Lilikuwa gumu, likigongwa linalia kama ngoma. Vijana wakaliita Bi Harusi.

Idd pili nikamchukua mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Muheza, na shemeji yangu, tukatembee kisiwa cha Toten tukaone magofu ya misikiti. Si mbali, kutoka Deep Sea unakiona. Tukapakia sufuria la pilau, jamvi na chupa ya chai. Tulipokuwa tunaliburura kwenda majini, chini kwenye mkuku nikasikia *kwaruu*.

"Nini hicho?" shemeji akauliza.

"Mchanga tu."

Mwanzo raha tupu. Tanga limeshiba upepo, mama mkwe kashika leso yake, ananisifu. Tulipofika katikati akainama chini.

"Baba, hili tui linatoka wapi?"

Nikatazama. Kwenye ngama, chini kabisa ndani ya dau, kulikuwa na maji meupe, mazito, yanapanda taratibu kuzunguka miguu ya sufuria. Gundi ya seremala, ikilowa vya kutosha, inarudi kuwa ilivyokuwa ndooni. Maji yalikuwa yameingilia pale kwenye mkwaruzo, yakapanda kati ya kitambaa na ubao, na kwenye ubao yakakuta milango yote wazi, maana mlinzi nilishamvuta kwa mkono wangu.

"Ni... ni kawaida, mama. Dau jipya."

"Dau la marehemu ndiyo jipya?"

Shemeji akachukua upo, ile kata ya kuchotea maji chomboni, akaanza kufua. Mimi nikashika usukani, dau likakataa kugeuka. Upepo upo, tanga limejaa, sisi tumesimama. Nikachungulia ubavuni. Marekani yote ilikuwa imebanduka kwa kipande kimoja, safi, lakini vile vijisumari vya ukingoni (misumari yangu siku zote ni mizuri) vilikuwa vimeshikilia. Kwa hiyo tulikuwa tunaburura mfuko wa waridi wa futi 18 uliojaa bahari. Nilikuwa nimelishonea dau nanga.

Kisha vijisumari vya upande wa kulia vikaanza kung'oka kimoja kimoja. *Ta, ta, ta*. Kitambaa kikajifungua nyuma yetu kama mkia wa gauni.

Mama mkwe, ambaye hajui kuogelea, alikuwa ameshapakata sufuria. "Baba," akasema kwa utulivu ulioniumiza kuliko kelele, "chombo chako kinavua nguo mbele ya wakwe."

Tuliokolewa na wavuvi waliokuwa wanarudi. Nahodha wao alikitazama kile kitambaa kwa muda, kisha akauliza kwa heshima zote: "Samahani kaka, hilo jarife la waridi mnavulia nini?" Shemeji ndiye aliyecheka kwanza, huku anafua tui. Pilau ilisalimika. Wavuvi walikula nusu, ndiyo iliyokuwa nauli yetu.

Babu fundi alikuwa amekaa pale pale pwani. Hakusema kitu hadi dau lilipopwelezwa. Akatia kidole kwenye nafasi ya ubao, akatoa donge la gundi, akalinusa.

"Laki mbili na arobaini," akasema. "Sasa kuna kukwangua."

Nikalipa. Ukijumlisha marekani na gundi, nimekaribia kununua mtumbwi.

Kitambaa nilitaka kukichoma moto, mama mkwe akakikataza. Akakikunja, akaondoka nacho Muheza, akaezekea banda la kuku. Masika ilipokolea akanipigia simu.

"Baba, hata tone halipiti. Maji yanateleza tu, kuku wakavu kabisa."

"Alhamdulillahi, mama."

"Ila juu ya banda wamelala paka wanne. Na mimi sifugi paka."