Ati ni Kufunga Tu!

Mimi sina ugomvi na pikapu yangu ya Chevrolet ya mwaka 1954, kwa kuwa injini yake ya inchi za ujazo 235, yenye silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, imeivumilia baridi ya hapa Minnesota kuliko nilivyoivumilia mimi. Ugomvi wangu ni na wauzaji wa manifoldi za zamani (mabomba yenye matawi ya kuingiza hewa na petroli kwenye silinda) za kabureta mbili (kabureta ndiyo huchanganya hewa na petroli), ambao huandika kwenye matangazo yao kwamba ni kufunga tu. Kufunga wapi, jamani?

Katika injini hii manifoldi ya hewa na ile ya ekzosi, inayotoa moshi, zimekaa upande mmoja, na vibano vinavyozishika ni vya shirika: bega moja la kibano linakanyaga ya hewa, la pili linakanyaga ya ekzosi. Kingo zikitofautiana unene hata kidogo, moja hubanwa barabara na nyingine huvuja. Hii ya alumini niliyouziwa ni nene kuliko mwenziwe ya chuma, kwa hiyo mtu mzima na mvi zangu nimeketi gerejini nikisugua vibano kwa tupa, huku mama watoto akiuliza kutoka dirishani kama aniwekee chakula humo humo.

Tuseme zimefungwa. Sasa kabureta zinatakiwa zipatane. Kabureta mbili ni makarani wawili wa dirisha moja: ukikanyaga mafuta, wa mbele anahangaika na foleni yote, na wa nyuma bado anatafuta miwani. Inakubidi ulegeze fimbo inayoziunganisha, utege sikio kwa mpira mwembamba kwenye mdomo wa kila moja, ukaze skrubu robo mzunguko, kisha uanze upya, kwa sababu ukiigusa hii, ile nayo inabadili mvumo. Plagi za mbele zinatoka nyeusi tititi, na za nyuma zina rangi nzuri ya hudhurungi, utadhani ni za gari la mtu mwingine.

Baridi nayo haikutajwa kwenye tangazo. Manifoldi ya kiwandani hukalia ekzosi ili ipate joto la kusaidia petroli igeuke mvuke. Hii ya kwangu haigusi moto wowote, basi asubuhi ya theluji petroli inabaki matone kwenye kuta za manifoldi, injini inakohoa, inazima, na jirani anafunga pazia. Dawa yake, naambiwa, ni kupitisha maji ya moto ya injini chini ya manifoldi, maana yake mipira mingine, vibano vingine na pesa nyingine. Waipa zenyewe huendeshwa na mvuto wa hewa wa manifoldi hiyo hiyo, kwa hiyo nikipanda kilima na mvua inanyesha, zinalala.

Nilipojitetea kwamba Corvette ya mwaka 1953 ilitoka na injini ya ukoo huu huu ikiwa na kabureta tatu na nguvu za farasi 150, ingawa kemshafti (mhimili unaofungua vali) na mgandamizo navyo vilibadilishwa, mama watoto alitaka kujua jambo moja tu: kama hiyo Corvette iliwahi kutumwa kuchukua kochi.