Kabla ya Kuuliza Kaliba, Liulize Bega Lako

Septemba ikiingia tu, simu yangu huchangamka. Anayepiga ni Mswahili mwenzangu, kahamia Pennsylvania au Ohio miaka miwili mitatu iliyopita, wenzake wa kazini wamemwalika kwenda kuwinda kulungu, na sasa anataka bunduki. Hata salamu hazijaisha: "Kaka, ninunue kaliba gani?" yaani bunduki ya risasi ya upana gani. Wengi wao wameshakesha wakitazama video, vichwa vimejaa namba, na moyoni wameshachagua. Wanachotaka kwangu ni ndiyo tu.

Jibu langu huwaudhi. Nasema, kama jimbo lako linairuhusu, chukua .308, au kama hujawahi kushika bunduki maishani chukua .243 (ni majina ya risasi, nitayaeleza mbele), halafu fedha inayobaki inunulie risasi za mazoezi. Basi. "Sasa mbona watu wanabishana hivyo?" Wanabishana kwa sababu msimu ni mfupi na mwaka ni mrefu.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kukosea, na aliyelipia kosa hilo alikuwa mnyama.

Nimezaliwa Tunduru. Mjomba wangu alikuwa na gobori, na habari za bunduki tulizozisikia utotoni zilikuwa za tembo na nyati. Anayemfuata nyati habebi kitu chepesi. Hesabu yake inaanzia kwenye .375 H&H, risasi iliyotoka mwaka 1912. Kwa hiyo nilipoingia dukani mara ya kwanza huku Marekani, niliingia na akili ya nyati. Kijana wa kaunta hakunirekebisha, na kwa nini anirekebishe? Nikatoka na .300 Winchester Magnum, bunduki ya kumwangushia mnyama mkubwa kwa mbali sana, nikaenda nayo kwenye msitu ambao huwezi kuona mita 80 mbele yako.

Ile bunduki ilikuwa inapiga teke la punda. Baada ya risasi sita kwenye uwanja wa shabaha bega lilivimba, nikaacha mazoezi nikijiambia inatosha. Siku ya kwanza ya msimu akatokea kulungu jike mita 60 hivi, ametulia kabisa. Nikavuta triga. Alipinda mgongo, akaondoka kwa mwendo wa kujikokota. Pale alipokuwa amesimama tukakuta majimaji ya kijani juu ya majani makavu. Nilikuwa nimempiga tumboni. Jirani yangu mzee, aliyenipeleka kule, alinyamaza kimya, akawasha tochi, tukafuata ile alama saa nne nzima mpaka ikapotea kwenye kijito. Hatukumpata.

Wiki iliyofuata mzee yule aliniita uwanjani. Akawa ananikabidhi bunduki kila mara akiwa ameijaza yeye mwenyewe, na mimi nafyatua. Mara ya tatu au ya nne hakuweka risasi, wala hakuniambia. Nikavuta triga: tak! Mlio wa chuma tupu, na mtutu ukainama ghafla kama kuku anayedonoa. Nilikuwa nashtuka kabla ya mlipuko, mwili unajihami na teke ambalo halijafika. Akanipa .243 ya mjukuu wake wa miaka kumi na minne. Risasi tano za kwanza zilikaa ndani ya duara la kikombe cha chai.

Ngoja niseme namba hizi zina maana gani, maana kuna wanaozitaja kama namba za bahati nasibu. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu au wa risasi yenyewe. .308 ni sehemu ya inchi, karibu milimita 7.8; .243 ni milimita 6.2. Lakini majina ya risasi hayana utaratibu mmoja. Kwenye .30-06, hiyo 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoikubali. Kwenye .30-30, ile thelathini ya pili ni uzito wa baruti iliyowekwa zamani kwenye ganda, greni thelathini, na greni moja haifiki hata gramu 0.07. Ukitafuta mantiki moja hapo utachoka.

Huyu mnyama naye si nyati. Na kwa kweli si hata wa familia moja na swala wetu. Mimi siku ya kwanza kumwona nilipaza sauti "Mbawala!" na wengine wanamwita swala, lakini mbawala na swala pembe zao ni za kudumu. Huyu wa mkia mweupe dume lake huangusha pembe kila baridi na kuota nyingine mwaka unaofuata. Namwita kulungu kwa kukosa jina bora. Dume aliyekomaa huku kwetu ana kilo 60 mpaka 100 na kidogo, mbavu nyembamba, ngozi nyembamba. Mapafu na moyo vinakaa kwenye eneo la upana wa sahani ndogo, nyuma tu ya bega. Risasi yoyote ya maana ikipita hapo, hatembei mbali. Ikipita nusu mita nyuma ya hapo, hata kaliba ya tembo haitakusaidia. Mimi ni shahidi.

Sasa linganisha. .243 inatoka kwenye mtutu na nguvu ya jouli 2,600 hivi. .308 kama 3,500. Ile .300 yangu karibu 4,700, na teke lake ni zaidi ya mara mbili ya .243. Kulungu hahitaji hizo 4,700. Wewe unazilipia kwa bega, kwa masikio, na kwa bei ya kila boksi la risasi ishirini, ndiyo maana wenye bunduki hizi hufyatua mara tatu kwa mwaka halafu wanaingia msituni.

Kwa nini basi naitaja .308 mbele ya nyingine? Ipo tangu 1952, inauzwa mpaka kwenye maduka ya vijijini, bei yake inavumilika, na bunduki zake zimejaa sokoni, mpya na za mkono wa pili. Hamna la ziada. 6.5 Creedmoor iliyotoka 2007 inapiga teke dogo zaidi na inafika mbali vizuri, na vijana wanaipenda mno. Ukiikuta kwa bei nzuri nunua, lakini usiniambie eti bila hiyo kulungu hafi. .270 ya mwaka 1925 na .30-06 bado ni risasi nzuri sana. Ukirithishwa moja na baba mkwe, pokea kwa mikono miwili. Na .30-30, ya mwaka 1895, ile ya bunduki za kukoki kwa kuvuta wenzo wa chini kama kwenye sinema za kauboi, kwenye msitu mzito wa umbali mfupi inatosha kabisa, na ni nyepesi kubeba mlimani. Nina wivu kidogo na walio nayo.

.243 wengine wanaidharau kwamba ni ya wanawake na watoto. Mke wangu anayo. Kulungu wake wawili wa mwisho walianguka palepale, wa kwangu alikimbia mita 40. Sijui nani amdharau nani.

Kabla ya kutoa hela, soma sheria za jimbo lako, maana majimbo hayafanani hata kidogo. Hapa Pennsylvania huruhusiwi kuwinda kulungu kwa raifo inayojikoki yenyewe, kwa hiyo ile bunduki ya kisasa uliyoiona kwenye video iache dukani. Tafuta ya bolti, ambayo unakoki kwa mkono kila risasi. Virginia hawaruhusu raifo iliyo chini ya .23, na Colorado chini ya .24, kumaanisha .223 ambayo watu wengi wanayo nyumbani kule haifai. Ohio kwa miaka mingi, kwa bunduki ndefu, ilikuwa shotigani na gobori tu. Mwaka 2014 wakafungua mlango kwa raifo, lakini zile zenye ganda lililonyooka bila shingo. .308 ina shingo kama chupa, haimo. Mtu wa Ohio atafute kitu kama .350 Legend, iliyotoka 2019, na ndiyo maana nikipigiwa simu kwanza nauliza unaishi wapi.

Na hadhi yako ya uhamiaji pia. Mwenye kadi ya kijani ananunua kama raia. Aliyekuja kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki hata risasi moja, isipokuwa akiwa ndani ya misamaha michache, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Asiye na makaratasi asiguse kabisa, hata ya kuazimwa na rafiki. Fomu ya dukani inauliza haya yote na kudanganya pale ni jinai. Nimeona watu wanalichukulia hili kimzaha. Lipa mwanasheria saa moja, ni nafuu kuliko kufukuzwa nchini.

Risasi yenyewe kwangu ina uzito kuliko kaliba, na hapa ndipo wapigaji simu wangu wanaposinzia. Unataka ile inayofunguka kama ua ikiingia mwilini. Risasi za kijeshi zilizofunikwa shaba nzima hupita kama msumari na kumwacha mnyama akifa polepole huko mbali. Pennsylvania haziruhusiwi kwa kulungu, na ni sawa. Nyingi zinazofunguka zina ndani yake yale madini laini yanayoitwa risasi, kwa Kiingereza lead, na hayo hupasuka vipande vidogo ambavyo vingine hubaki kwenye nyama. California ilishapiga marufuku risasi za aina hiyo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Huku haijakatazwa, ila mimi nina watoto watatu wanaokula ile nyama, kwa hiyo natumia za shaba tupu. Ni ghali. Kwa mazoezi napiga za bei ya chini, kisha naikagua shabaha upya kwa zile za shaba, maana hazitui mahali pamoja.

Darubini: ya kukuza mara 3 mpaka 9, ya kampuni yoyote yenye sifa, na msituni iweke kwenye 3. Jamaa yangu mmoja alinunua ya kukuza mara 24. Kulungu alipotokea mita 30 aliona manyoya tu, hajui ni shingo au paja.

Bunduki ya bolti ya bei ya kawaida, dola mia tano au sita, leo inalenga vizuri kuliko mkono wa aliyeishika. Usikope kununua ya dola elfu mbili. Ukishairekebisha igonge katikati kwa mita 100, .308 yako kwenye mita 180 itashuka kama sentimita 9 hivi, na hapo bado uko ndani ya ile sahani. Mimi kwenye misimu yote niliyowinda sijawahi kupiga zaidi ya mita 110. Mabishano ya mita 500 waachie wenye jangwa.

Nikiwa ulingoni nikivizia, kabla ya triga nataja jina la Mungu, na kisu kiko kiunoni. Nikimkuta bado ana roho namchinja. Hilo nalo limenifunza uvumilivu. Kulungu aliyekaa vibaya, anayetembea, aliyefichwa na tawi, namwacha apite. Mwaka juzi niliwaacha watano.

Kuna msimu mwingine huku baada ya Krismasi ambao wageni wengi hawaujui: wa gumegume. Bunduki ya baruti ya kumimina mdomoni, ikiwashwa kwa jiwe, kama zile mafundi wa Kijerumani walizokuwa wakitengeneza Lancaster karne ya 18. Mwaka huu nimenunua moja. Nilimpigia mjomba Tunduru kumpa habari, nikidhani atafurahi. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akageuka makini. Akauliza baruti naipima kwa nini. Nikamwambia kwa kichupa cha shaba chenye alama. Yeye, akasema, alikuwa akipimia kwenye kiganja cha mkono, na mvua ikinyesha aliongeza kidogo. Nikamkatalia: ikilowa haiwaki hata ukiongeza. Akasema nijaribu kwanza, halafu nimpigie.