Bili ya hospitali ya misheni: nani asamehe, nani alipe?

Watu wakizungumzia shida za daktari mmisionari huku Nyanda za Juu Kusini, huanza na barabara, baridi ya Makete na lugha. Ni kweli zote. Daktari anatoka Ulaya, anasoma Kiswahili Morogoro, akifika wodini anakuta bibi anayeongea Kikinga kitupu, na muuguzi anayemtafsiria anapunguza ukali wa maneno kwa heshima. Kuna kibali cha kazi, kibali cha ukaazi na usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuna mtoto wa degedege aliyepelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, akaletwa hospitali amechelewa. Haya, kwa mwenye moyo, huzoeleka. Lisilozoeleka ni dirisha la malipo.

Nieleze. Hospitali za makanisa zimebeba mzigo mkubwa kanda hii: Ikonda ya Wakonsolata, wamisionari wa Kikatoliki, Tosamaganga ya Jimbo Katoliki la Iringa, Ilembula na Ilula za Walutheri, Mbozi na Isoko za Moravian, Chimala kule Mbarali. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia saini hati ya makubaliano inayotambua kazi hiyo, na ruzuku pamoja na watumishi wa Serikali hupelekwa kwenye baadhi ya hospitali hizo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza watibiwe bila malipo. Lakini kwenye hospitali ya misheni msamaha huo unasimama pale tu halmashauri inapokuwa na mkataba wa huduma nayo, na fedha za mkataba zinafika. Pasipo hivyo, mama analipa.

Chukua familia ya mkulima wa Makete. Mama kafanyiwa upasuaji usiku, yeye mzima na mtoto mzima. Siku ya kuruhusiwa inatoka bili. Baba hana fedha mkononi. Ana viazi ambavyo havijakomaa, na ana miti. Dalali anafika, anazunguka shamba, anaitajia mipaini michanga bei ya kuni. Baba anakubali, maana kila siku ya kukaa wodini inaongeza deni. Miti ile, kama ingeachwa ikomae, ingelipa ada ya chuo ya kijana wake wa kwanza.

Daktari mmisionari anayaona haya kwa macho yake. Ana marafiki kwao wanaotuma michango, na pengine ana posho yake mwenyewe. Anaandika kwenye faili: asamehewe. Anayemlaumu kwa hilo sijui moyo wake umekaaje. Alikuja kwa ajili ya watu hawa hasa, na mgonjwa anayeogopa bili hukaa nyumbani hadi ugonjwa ukomae. Msamaha mmoja leo unaweza kumleta jirani hospitali mapema kesho.

Upande wa pili una uzito pia, na nadhani hatuusemi vya kutosha kwa sababu unasikika kama roho mbaya. Habari husafiri haraka vijijini. Ndani ya muda mfupi inajulikana kwamba ukimpata daktari mgeni mwenyewe, mambo yako yameisha. Watu wanampita mhasibu, wanampita ofisa ustawi wa jamii, wanamsubiri mlangoni kwake. Mwenye ujasiri wa kuomba anasamehewa, na yule mama mnyonge asiyejua hata aseme nini mbele ya mgeni anauza mbuzi wake. Kisha mgeni anakwenda likizo. Anabaki daktari Mtanzania, ambaye hana marafiki wa kutuma michango, na mshahara wake unatoka kwenye dirisha lilelile. Akisema bili ilipwe, anaitwa katili. Nimesikia daktari wa kwetu akisemwa hivyo msibani na ndugu wa marehemu, na hakuwa na la kujibu lingeeleweka pale.

Halafu kuna watumishi. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi uanze mwaka 2007, Serikali imeajiri kwa wingi, na wauguzi wengi wameacha hospitali za makanisa kufuata mshahara wa uhakika na pensheni. Mmisionari anamfundisha muuguzi chumba cha upasuaji hadi anaiva, ajira zikitangazwa anaondoka. Simlaumu muuguzi, ana watoto. Lakini hospitali iliyosamehe bili bila kujua nani atazifidia ndiyo inayochelewesha mishahara, na ndiyo inayowapoteza mapema zaidi.

Mimi naona hivi. Dharura itibiwe kwanza bila mtu kuulizwa senti. Baada ya hapo, fedha za marafiki wa daktari ziingie kwenye mfuko mmoja wa wagonjwa wasiojiweza, uamuzi ubaki kwa ustawi wa jamii, na daktari, mgeni au mwenyeji, asiwe na kalamu ya kusamehe. Najua ubaya wake: barua ya mtendaji wa kijiji ya kuthibitisha kwamba mgonjwa hajiwezi inaweza kuchukua siku, na mtendaji naye ana ndugu zake. Hata hivyo mfuko unaweza kukaguliwa. Huruma ya mtu mmoja haikaguliki, na akiondoka inaondoka naye.

Fedha za nje zenyewe hazina uhakika. Utafiti wa 2022–2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7 na Iringa 11.1, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake kwa amri moja, huduma za VVU zilizotegemea fedha hizo ziliyumba. Mfuko wa marafiki wa daktari hauna mizizi mirefu kuliko misaada hiyo.

Serikali imejenga sana, hilo nalikubali: mwaka wa fedha 2018/19 ulianza na hospitali mpya 67 za wilaya. Lakini jengo jipya halimsaidii mama ambaye hospitali ya karibu naye bado ni ya kanisa. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilianza kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, kiasi ambacho mkulima wa viazi anakimudu msimu wa mavuno. Kadi hiyo ikikataliwa kwenye hospitali ya misheni iliyo jirani, atailipia kwa nini? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatoa nafasi ya kulirekebisha. Madiwani wa Makete, Mbarali na Ileje waulize kwenye vikao vyao vya bajeti: mkataba wetu na hospitali ya kanisa unagharamia mama na mtoto, na fedha za robo iliyopita zimelipwa?