Kahawa iliyogandishwa: ladha ipo, mzigo uko kwenye friza

Gloucester, jimboni Massachusetts, ni mji wa wavuvi. Huko ndiko Clarence Birdseye, miaka ya 1920, alikohangaika na mashine za kugandisha samaki kwa haraka, na kazi yake ikazaa biashara nzima ya vyakula vya friza. Katika mji huohuo sasa kuna kampuni changa iitwayo Cometeer, na bidhaa yake ni kahawa. Kufikia 2021 ilikuwa imekusanya kwa wawekezaji takriban dola milioni 100. Kwa fedha za namna hiyo, mnywaji ana haki ya kuuliza: hii ni kahawa au mbwembwe?

Cometeer hawakaangi wenyewe. Huchukua kahawa iliyokaangwa na watu wenye jina Marekani, kama George Howell na kampuni ya Counter Culture, wakaisaga na kuichuja kiwandani hadi ikolee takriban mara kumi ya kahawa ya kawaida. Kisha huimimina kwenye vikopo vidogo vya alumini na kuigandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mteja hupelekewa boksi lenye barafu kavu, yaani hewa ya ukaa iliyogandishwa. Asubuhi anatoa kikopo kwenye friza, anakipitisha kidogo kwenye maji ya moto ya bomba, anabandua mfuniko, na kidonge cheusi cha barafu kinadondoka kikombeni. Anamimina maji ya moto juu yake, basi. Hakuna kusaga, hakuna kuchuja, wala machicha ya kutupa.

Ni rahisi kucheka. Lakini shida wanayoitibu ipo kweli. Kahawa ya daraja hili, inayopewa alama 80 na zaidi kati ya 100 na waonjaji, huharibikia zaidi jikoni kwa aliyeinunua. Iliyokaangwa huanza kupoteza harufu ndani ya wiki chache. Ikishasagwa, tunahesabu saa. Kinu cha umeme cha bei rahisi hutoa unga na mapande kwa pamoja: unga unaleta uchungu, mapande yanaacha uchachu, na vyote vinaingia kikombe kimoja. Kinu kizuri ni dola 200 au zaidi. Bado hujagusa maji yenye chokaa, mizani, wala birika la kupimia joto. Watu wengi hawataki shughuli hiyo saa kumi na mbili asubuhi, na sioni kwa nini walaumiwe.

Jina la Howell nalo lina uzito. Alifungua mgahawa wa kahawa wa Coffee Connection huko Cambridge, jirani na Boston, mwaka 1975, akaiuza kwa Starbucks mwaka 1994, na kwa miaka amekuwa akigandisha buni mbichi ili zisipoteze ladha kabla ya kukaangwa. Kahawa ya Kenya anaijua vizuri. Ya shamba la Mamuto, Kirinyaga, ameiuza miaka na miaka. Mtu wa aina hiyo akikubali kahawa yake iingie kwenye kikopo cha barafu, sidhani ni njaa.

Ugumu unaanzia kwenye bei. Kikombe kimoja cha Cometeer huenda kwa takriban dola 2. Chukua mfuko wa kahawa nzuri wa gramu 340, tuseme dola 20. Ukitumia gramu 17 kwa kikombe, unapata vikombe 20, yaani dola 1 kila kimoja. Kwa hiyo aliyezoea kujichujia nyumbani analipa mara mbili ili asifanye kazi ambayo pengine anaipenda. Huyo hana sababu ya kuhama. Anayepita mgahawani kila siku na kuacha dola 5, hesabu inamkubali kabisa. Wateja wa kampuni hii ni hao, na wanatosha kuendesha kiwanda, ingawa sina hakika wanatosha kurudisha dola milioni 100.

Kuhusu mazingira, mabishano huwa mepesi kupita kiasi. Alumini huyeyushwa upya kwa takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza mpya, kwa hiyo kikopo hiki ni afadhali kuliko vya plastiki. Tena mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Québec huko Chicoutimi walionyesha kwamba kahawa ya kapsuli, vile vikopo vya kikombe kimoja vinavyotiwa kwenye mashine, inaweza kuchafua kidogo kuliko ya kuchuja, kwa kuwa mtu nyumbani hujaza kahawa nyingi na kuchemsha maji asiyoyahitaji. Hoja hiyo naikubali kwa kapsuli zinazokaa kabatini. Hii ya Gloucester inadai barafu kavu njiani na friza usiku na mchana hadi siku ya kunywewa. Baridi hiyo ina gharama, na wasifiaji wengi wanairuka.

Kwetu huku mbuni unakomea, swali ni jingine: kwa nini kazi hii isifanyike Moshi au Nyeri, thamani ikabaki? Ujuzi wa baridi tunao; Mwanza imekuwa ikipeleka minofu ya sangara Ulaya kwa miongo kadhaa. Ila samaki lazima asafiri na baridi yake, asipopata anaoza. Buni hazina shida hiyo. Zinakaa miezi kwenye gunia bila umeme wowote. Kikombe kimoja kinahitaji gramu 20 hivi za buni mbichi. Zikichujwa na kukolezwa kwa mtindo wa Cometeer, zinageuka kidonge cha gramu 25 au zaidi. Yaani utasafirisha mzigo mzito zaidi, ndani ya kontena la baridi, kutoka kule ambako umeme ukikatika mchana hakuna anayeshangaa. Kugandisha kunalipa karibu na mnywaji, na mnywaji huyo yuko Boston.

Bukoba walishapita njia nyingine. TANICA, kiwanda cha kahawa cha huko, hutengeneza kahawa ya unga ya Africafe kwa kukausha, na kahawa ileile ya kikombe kimoja inabaki unga wa gramu 3 hivi, usiotaka friza. Lawama ya unga huo wa kukoroga ni ladha, na sehemu ya lawama hiyo inatokana na joto la ukaushaji na kahawa inayotumika, kwani Kagera ni robusta zaidi, aina iliyo chungu kuliko arabika. Kukausha kwa baridi, yaani kugandisha kahawa kisha kuiondoa barafu bila kuiyeyusha, teknolojia iliyoingia madukani tangu miaka ya 1960, hulinda harufu vizuri zaidi, ingawa mashine zake ni ghali na zinakula umeme mwingi. Arabika ya Kilimanjaro au Mbinga ikaushwe hivyo, itiwe kwenye pakiti ndogo, ipande meli kama majani ya chai. Mwekezaji akinijia na mpango huo nitamsikiliza. Akija na vidonge vya barafu, nitamwelekeza Gloucester.