Mifuko ya Saruji Pekee Haitoshi Baada ya Tetemeko

Hapa Japani ninapoishi, ardhi hutikisika mara kwa mara, watu husubiri kidogo, kisha huendelea na kazi zao. Ndugu zangu wa Tanzania huniambia kwamba utulivu huo umenunuliwa kwa fedha, nami sikubaliani nao kikamilifu. Tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995 liliua zaidi ya watu 6,000 katika nchi iliyokuwa tajiri tayari, na wengi wao walifia ndani ya nyumba kuukuu za mbao, ilhali majengo yaliyofuata kanuni mpya za mwaka 1981 yalistahimili vizuri zaidi. Baada ya msiba huo serikali iliyarudia majengo ya zamani, hasa ya shule, na hadi leo katika shule nyingi utaona vyuma vilivyokingamana nje ya madirisha, vilivyofungwa ili kuliimarisha jengo ambalo ndilo kimbilio la mtaa mzima nyumba zinapoharibika.

Mkoa wa Kagera ulipopigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, Septemba 10, 2016, maelfu ya nyumba ziliharibika, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya mno. Ilikuwa Jumamosi alasiri, wakati ambao madarasa ya shule za kutwa kwa kawaida huwa matupu, na kila nikikumbuka hilo hushukuru. Pakistan haikuwa na bahati hiyo: tetemeko la Oktoba 8, 2005 lilitokea asubuhi ya siku ya masomo, likaua maelfu ya wanafunzi madarasani.

Kwetu, msaada baada ya janga humaanisha bati na saruji. Vinahitajika, lakini nyumba haiokolewi na wingi wa saruji. Inaokolewa na mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote bila kukatika, na pembe zilizofungamana, na madirisha yasiyosogezwa karibu mno na kona, na kenchi zilizofungwa imara ukutani; pia na zege lililomwagiliwa maji siku kadhaa badala ya kuachwa likauke juani. Hayo yote yako mikononi mwa fundi, na fundi wa kijijini ndiye ambaye michango yetu humsahau, ingawa ndiye atakayejenga nyumba zote zitakazofuata, hata zile ambazo hakuna mfadhili atakayezichangia.

Pakistan ilipojenga upya vijiji vyake, wenye nyumba walipewa fedha kwa awamu, na awamu iliyofuata ilitolewa baada ya mkaguzi kuthibitisha kwamba hatua iliyotangulia imefanywa inavyotakiwa. Nepal nayo ilifuata njia hiyo baada ya tetemeko la 2015. Utaratibu wa namna hiyo unawezekana kwetu, kwa maana hauhitaji utajiri wa Japani, bali unahitaji mkaguzi afike kabla ukuta haujapigwa lipu na kuficha kila kosa.

Kwa hiyo ninawaomba Watanzania wenzangu tulio ughaibuni, tunapochangishana kwa ajili ya shule iliyobomoka, tutenge sehemu ya fedha hizo kwa mafunzo ya mafundi na kwa mhandisi wa kuikagua kazi tangu msingi hadi paa, hata kama itabidi tujenge madarasa mawili badala ya matatu.