Elfu sitini ya fundi

Mimi sina ugomvi na mafundi. Kinachonichosha ni ile tabia yao ya kushika kiuno, kulitazama gari kama wanaliaga, halafu ndipo wataje bei. "Kubadilisha haidroliki ya gia boksi, mzee wangu, ufundi peke yake elfu sitini."

Elfu sitini! Kufungua nati, kumwaga hiyo oili ya gia, kufunga, kujaza. Mimi hapa Tabata choo kikiziba nazibua mwenyewe, kuku namchinja mwenyewe, mtoto akitaka kunyolewa namnyoa mwenyewe (shuleni wakimcheka ni shauri yao). Leo nati moja inishinde?

Lakini ugonjwa ulikuwepo, siwezi kusema uongo. Asubuhi ukiiweka pikapu yangu ya otomatiki kwenye D, gia ya kwenda mbele, inanyamaza kwanza kama mtu aliyekumbushwa deni, halafu inapiga teke. Teke la punda. Wiki iliyopita mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, kilemba kikamtoka, akasema "Astaghfirullah" na kukiokota kimyakimya. Na kwenye kilima cha Kimara injini ilikuwa inalia kwa uchungu huku gari lenyewe linakwenda mwendo wa guta.

Nikachomoa kijiti cha kupimia. Haidroliki nzima huwa nyekundu ya kung'aa, ukiiweka kwenye glasi unaweza kudhani ni juisi ya rosela. Yangu ilikuwa kahawia, rangi ya chai iliyolala, na inanuka kama maharage yaliyoshika chini ya sufuria. Hiyo imeungua, haina mjadala.

Sasa itiwe ya aina gani? Kitabu cha gari ninacho, kimekaa kwenye droo tangu pikapu ishuke melini, lakini ni Kijapani kuanzia jalada. Ninachoambulia humo ni tarakimu na picha ya mtu anayetabasamu akiwa amefunga mkanda. Bahati nzuri kwenye kile kijiti wameandika Dexron. Nikamkimbilia muuza spea na neno hilo moja, akanipimia lita sita kutoka kwenye dumu kubwa, akanijazia kwenye chupa nne za maji, zile za lita moja na nusu.

Hapa niwaeleze jambo ambalo nilipaswa kulifikiria siku ile. Mke wangu anauza juisi ya rosela. Anaiweka kwenye chupa za maji. Za lita moja na nusu.

Jumamosi saa tatu asubuhi nikatangaza nyumbani kwamba ni kazi ya saa moja. Uani kwetu ni mchanga, jeki ikaanza kuzama badala ya gari kupanda, nikatafuta ubao. Nikaazima na stendi mbili, maana kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ni kutafuta kuzikwa, na mimi ada ya muhula sijamaliza. Chini ya gia boksi nikaweka beseni la bluu la Mama Zawadi, lile la kulowekea vitenge. Sikuomba. Ningeomba ningenyimwa.

Mtu akilala chini ya gari uswahilini, hata dakika tano haziishi kabla hajapata mkutano wa hadhara. Alianza mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, akaja na kiti chake kabisa. Wakafuata vijana wawili wa bodaboda waliokuwa hawana abiria. Nikawa naviona viatu tu, na kila kiatu kina ushauri.

"Baba Zawadi, gia boksi ya zamani haibadilishwi oili! Ule uchafu ndio unaoshika klachi. Ukiutoa, gari halisogei tena."

Maneno haya yana ukweli wa nusu, na ndiyo yanayotisha zaidi. Klachi zikiwa zimeshalika, oili mpya haizifufui, na lawama zote humwangukia aliyebadilisha. Nikajifanya sisikii. Nikatia spana namba 14, nikavuta.

Nilikuwa nimeipasha moto gari kwanza ili oili iwe nyepesi. Nyepesi ilikuwa, na ya moto ilikuwa. Ilishuka kwenye mkono, ikafuata kiwiko, ikaingia kwapani na kutulia huko, na mimi sina mkono wa kujifutia. Huku juu mwalimu akawa anafundisha: je, tunajua kwamba mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani walikuwa wanachanganya mafuta ya nyangumi kwenye haidroliki za magari? Baadaye nyangumi wakawekewa ulinzi wa sheria, ikabidi wahandisi watafute kitu kingine. Bodaboda mmoja akauliza nyangumi mmoja anajaza magari mangapi. Mwalimu akaanza kukadiria. Mimi naungua kwapa.

Ungekuwa mwisho wa kazi, lakini nikajitia utaalamu: nishushe na sampu, lile bakuli la chuma chini ya gia boksi, nisafishe chujio. Bolti 19, zote vidogo vya namba 10. Zikatoka zote, sampu haitikisiki, imeganda na silikoni ya fundi fulani wa miaka hiyo. Nikaichokonoa na bisibisi kwenye kona moja. Wenye akili huacha bolti mbili tatu upande wa pili ili sampu ishuke polepole. Mimi nilizitoa zote 19. Ilishuka kama sinia la pilau lililomponyoka mpishi, na kumbe ukimwaga kupitia nati, humo ndani bado inabaki ya kutosha kumwogesha mtu mzima.

Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mtoto wa jirani akakimbilia kwao akipiga kelele kwamba Baba Zawadi kajinyea.

Ndani ya sampu kuna sumaku, na sumaku zilikuwa na uji mweusi mlaini kama wanja. Moyo ukanishuka. Bahati nzuri kijana wa bodaboda aliwahi kushinda gereji, akausugua kwa vidole na kusema huo ni msago wa kawaida, ningekuta vipande vya chuma ndiyo ningeita ndugu. Nilimpenda kijana yule kwa muda wa dakika nzima.

Nikapima oili iliyotoka: chupa tatu kasoro kidogo, yaani kama lita nne. Nikajisifu. Mwalimu, ambaye naanza kuamini hana kwao, akaniambia nusu nyingine imebaki kwenye toki konveta, kile kifaa kinachounganisha injini na gia boksi, na haitoki kwa nati wala kwa sampu. Kwa hiyo aibu yote ile, kwapa lote lile, nimebadilisha nusu! Ni sawa na kuoga kichwa na miguu ukavaa suti.

Kujaza nako unapitia kwenye mrija wa kile kijiti, mwembamba kama mrija wa soda. Nikaunganisha mpira na faneli, nikawa natilia kidogokidogo kama nanywesha mgonjwa uji. Chupa moja karibu nusu saa. Kisha ukaja ubishi wa kupima. Wao wanasema zima gari, ndivyo oili ya injini inavyopimwa. Nikawaambia ya gia boksi hii hupimwa injini ikiwa inaunguruma, umeshapitisha gia zote, R, N, D, 2, L, ukarudi P, na imeshapata moto, kwa sababu ikipata moto inavimba. Ukizidisha inatoa povu, na povu halisukumi gia. Hapo walininyamazia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ilikuwa saa kumi na nusu.

Nikaingia D. Teke likaja, ila la mbuzi. Nikazunguka mtaa mara mbili nikiwa nimeshusha vioo vyote ili niulizwe.

Jumapili asubuhi nikakuta chini ya gari doa jekundu la upana wa sahani. Kuchungulia, sampu ina bolti 18. Ya 19 niliikuta ndani ya beseni la bluu, na pembeni ya beseni nikamkuta mwenye beseni. Sitasimulia.

Ikabidi niite fundi, yuleyule. Akashika kiuno. Akasema bolti moja ni bure, lakini gasketi imekaa upande, lazima ashushe upya: elfu sitini. Nikamwambia sawa, na oili ya kuongezea ninayo, chupa ya nne haijaguswa. Nikaenda kuichukua kizingitini nilipoiacha. Hakuna. Nikatafuta stoo, nikatafuta chini ya viti, nikawauliza watoto.

Mama mkwe akatoka jikoni anafuta mikono.

"Ile nyekundu? Nimeitia kwenye friza na wenzake tangu jana jioni. Wenzake wote wameganda, hiyo imekataa. Mwambie mwenzio, mwanangu, apunguze sukari."