Ndiyo, bakuli liliingia kwenye mtori

Kwanza, yule rafiki yangu aliyeweka kwenye status kwamba nilikimbilia chooni ni mwongo. Nilijificha nyuma ya magunia ya maranda, na nilitoka mwenyewe. Machalii wa Chuga, pokeeni habari kamili.

Mnajua ninavyotamba na kile kibao changu cha kipimo. (Wageni: mimi nakereza mabakuli, mashine inazungusha mti, patasi inakata. Kabla ya kunoa, unasukuma patasi kwenye kishikio mpaka ncha iguse mwisho wa kibao, unakaza, unapeleka kwenye jiwe. Urefu uleule, pembe ileile, kila ukinoa.) Sasa akaja mama mmoja mwenye hoteli, anataka mabakuli ya mgrevilea yanayofanana. Nikanoa patasi tatu mbele yake huku nahubiri: "Mama, hapa hata kipofu akinoa, pembe haibadiliki!" Maka pen ya kupaka kwenye mgongo wa makali, ili uone jiwe linakula wapi, ilikuwa mfukoni, nimeichomeka kama daktari wa mkoa. Ya kazi gani wakati kibao kipo?

Kumbe kibao hakipo. Dereva wa kirikuu aliyeleta magogo hana handbreki, na huku Sanawari ni mteremko. Kibao changu kiko chini ya tairi. Dogo kaniwekea kingine, "kinafanana, bosi," kumbe kimezidi changu urefu kwa upana wa kidole.

Nikawasha mashine. Mikono imezoea pembe ya zamani. Mgongo wa patasi haukulala kwenye mti, makali peke yake yakazama. Kwa! Mtaro. "Mti una kifundo, mama." Hauna. Nikachukua patasi ya pili.

Hapa twende taratibu. Makali yakadaka. Bakuli likang'oka kwenye meno ya mashine. Likapita juu ya kilemba cha mama. Mama akalisindikiza kwa macho. Dogo naye. Mimi nikaanza "Yesu," nikaishia "Ye." Likatoka mlangoni, likatua kwenye sufuria ya mama lishe, likaelea juu ya mtori, mdomo juu, kama linasubiri kupakuliwa. (Mnaocheka, nawaona.)

Mama wa hoteli akaangalia patasi ya tatu. "Na hiyo?"

"Nimeinoa kwa kibao hichohicho."

"Basi ni kweli, fundi. Hazitofautiani."

Ndipo nikaenda kwenye magunia. Mteja kasema atapiga simu. Aliyepiga mpaka sasa ni mama lishe, anadai mtori wa sufuria nzima, na bakuli kalizuia.